Siku nzima na mashua ya tanga Lamu: kazi na usalama tangu alfajiri hadi kufunga kamba

Kijana akija kuanza kazi kwenye mashua yetu, hutarajia kupewa usukani. Mimi humpa upo, kata ya kuchotea maji. Namwambia ashuke kwenye ngama, chini kabisa ndani ya mashua, achote maji yaliyoingia usiku, ayaonje kwa ncha ya ulimi kisha ayateme. Yakiwa matamu, ni mvua. Yakiwa ya chumvi, bahari imepata mlango wa kuingilia, na mlango huo tunautafuta kabla ya chai.

Ninayoandika hapa ni kwa wanaotaka kuendesha mashua ya tanga yenye wageni ndani, kuanzia Amu mjini, yaani mji wa Lamu, na Shela hadi Manda, Matondoni na Kipungani. Mizigo mingi ya visiwani siku hizi hubebwa na vyombo vya mashine. Tanga limebaki kwa baadhi ya wavuvi, kwa mashindano ya sherehe, na kwetu sisi tunaochukua watu wakaonje safari za kale. Mji wetu wa kale uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na mgeni akishazunguka vichochoroni siku moja, siku ya pili huteremka gatini kuuliza mashua. Huyo hajui foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, ni nini wala itamwangukia kutoka wapi. Nawe unamchukua kwenye chombo kisicho na breki.

Anza na mwezi

Ratiba yetu huandikwa na mwezi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Wazee huhesabu kwa mwezi wa Kiislamu, na ukiishika hesabu hiyo hutahitaji simu: mwezi ukiandama, na tena ukifika kumi na nne, kumi na tano, subiri siku moja au mbili utaona bamvua, maji yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine. Mwezi nane na mwezi ishirini na mbili huja na maji mafu. Siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika kama mita 3, yaani karibu kimo cha watu wawili.

Kwetu huku bamvua hujaa alfajiri na alasiri, kwenye saa kumi au kumi na moja, na saa nne au tano za mchana maji yamekauka hadi mashua zimelalia ubavu. Maji mafu ni kinyume chake: hujaa asubuhi ya saa nne au tano, lakini hayajai sana. Kwa hiyo mgeni anayetaka kwenda kwenye magofu ya Takwa, kisiwani Manda, "asubuhi na mapema" siku ya bamvua, mwambie kwa upole kwamba saa anayoitaka yeye, pale pana matope tu.

Jambo jingine ambalo vijana hulisahau ni kwamba maji hayatembei kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza yanapanda au kushuka kidogo, na saa ya mwisho kidogo vilevile. Saa ya tatu na ya nne ndizo za mbio. Karibu nusu ya maji yote hupita katika saa hizo mbili. Ukitazama baada ya saa moja ukajisemea "bado yapo", baada ya saa mbili nyingine utakuwa umekaa mchangani.

Kisha upepo. Kaskazi, Disemba hadi Machi, ni rafiki wa kazi hii. Kusi huanza Aprili na mvua zake na hukaza Juni hadi Agosti. Misimu yote miwili asubuhi huwa laini na mchana upepo hukua, kwa hiyo baharia mgeni au abiria waoga wapangie asubuhi, maji yakiruhusu. Mahali pa kuogopwa ni mlango wa Shela, kati ya Shela na Ras Kitau ya Manda, kusi ikivuma kuingia na maji yanapwa kutoka. Upepo na mkondo vikikabiliana hivyo, mawimbi husimama wima na kukaribiana, na mashua hupiga omo, yaani pua yake, kila mara bila kupata nafasi ya kuinuka. Mlango uleule, kwa upepo uleule, maji yakiwa yanajaa, unaweza kuupita ukiwa na kikombe cha chai mkononi.

Soma pia utabiri wa baharini wa Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya, halafu panda juu ya paa uangalie mwenyewe. Hapo ndipo linapoamuliwa la kutoka au kutotoka. Sheria ya mashua yetu ni hii: wa kuamua kutoka ni nahodha peke yake, wa kuzuia ni yeyote. Baharia mdogo kuliko wote akisema "ami, leo sipendi", hatufungui kamba mpaka aeleze na sote tutazame anachokiona. Akiwa amekosea tumepoteza nusu saa. Hatumcheki, kwa sababu tukimcheka leo, kesho atanyamaza.

Ukaguzi wa asubuhi

Anzia juu ushuke chini, kila siku kwa njia ileile, ili mkono ukumbuke hata siku akili imechoka.

Henza kwanza. Hiyo ndiyo kamba inayobeba foromali na tanga zima, na husagika palepale inapopita kwenye kapi la juu ya mlingoti. Mwambie mwenye mwili mwepesi apande aishike kwa vidole, maana kamba ya nailoni huweza kuonekana nzima kwa nje ilhali imelika ndani. Sisi kila baada ya wiki chache hukata dhiraa moja mwishoni, ili sehemu inayolalia kapi isiwe ileile miezi yote. Kamba ni ghali, najua. Foromali ikishuka juu ya vichwa sita ni ghali zaidi.

Foromali yenyewe huwa ni miti iliyopachanwa na kufungwa pamoja. Igonge kwa kijiti kwenye kila fundo: palipokaza husikika mlio mkavu, palipolegea husikika kama mlango mbovu. Kaza upya kabla jua halijapanda, kamba zikiwa bado na umande. Halafu angalia stingi, ile kamba inayoushikilia mlingoti, mguu wa mlingoti, vyuma vya usukani na kana, mkono wa kuugeuzia usukani.

Nanga mbili, na kamba yenye urefu wa angalau mara tano ya kina utakachotia. Hakikisha mwisho wa kamba umefungwa kwenye mashua. Nacheka nikiandika haya, lakini nimeona kwa macho yangu nanga ikitupwa kwa mbwembwe mbele ya wageni, kamba ikaifuata yote mpaka ncha, na sisi tukabaki tunapunga mikono kama tunaiaga.

Pondo na makasia yawepo hata kama una mashine ndogo ya akiba. Jaketi za kuokolea maisha ziwe nyingi kuliko watu, na za watoto ziwe za watoto. Zisikae chini ya magunia ya mchanga. Kama kuzitoa kunahitaji kuhamisha mtu, huna jaketi. Redio ya VHF isikilizwe chaneli 16, ndiyo ya dharura baharini dunia nzima. Simu ziwe ndani ya mfuko usioingiza maji, kwa sababu mtandao haufiki kila kona ya Manda na redio ndogo haivuki kisiwa. Filimbi, tochi, sanduku la dawa, na maji ya kunywa kuliko unavyodhani yatahitajika. Leseni ya KMA, mamlaka inayosimamia usafiri wa majini nchini, huonyesha idadi ya watu mashua inayoruhusiwa kubeba. Mtoto anayepakatwa naye ni mtu, mhesabu.

Kupakia

Kabla ya mguu wa kwanza kupanda, andika majina ya wote, unakokwenda na saa ya kurudi, umwachie mtu wa nchi kavu ambaye kweli atakutafuta. Sisi humwachia mke wa nahodha. Hana mzaha: ikipita saa moja juu ya muda, anaanza kupiga simu, na tukichelewa bila taarifa tunamkuta gatini amejifunga leso kiunoni.

Viatu mkononi. Hatua moja katikati ya mashua, mkono mmoja ukishika kitu kisichosogea, kamwe usiruke. Pandisha watu mmoja mmoja, kushoto na kulia kwa zamu. Magunia ya mchanga ndiyo farumi yetu ndogo, uzito wa kuituliza mashua. Tanga likijaa huhamishiwa upande unakotoka upepo, pamoja na baharia anayekaa juu ya ule ubao unaotokeza nje ya ubavu. Wageni hupenda sana kupiga picha juu ya ubao huo. Ruhusu kwenye maji tulivu ndani ya mkondo, wakiwa wamevaa jaketi, na baharia akiwa kando yao. Nje ya Shela, hapana.

Kisha wape maelezo, kwa dakika mbili tu, maana zikizidi hawasikii. Mimi huwafundisha maneno mawili ya Kiamu: "Kitwa tini!" Kichwa chini. Nawafanyisha mazoezi mara tatu tukiwa bado tumefungwa gatini, mpaka wazee na watoto wote wanainama kwa pamoja huku wanacheka. Nimefundisha hivyo miaka mingi na bado naona ndiyo dakika yenye faida kuliko zote za safari. Mengine ni mafupi: usisimame bila kuambiwa, usikalie kamba, usizungushe kamba mkononi hata kwa mchezo, na mwenye buibui au kanga ndefu akae mbali na kapi.

Kutweka tanga na kulipindua

Tanga letu la pembetatu ni zuri kwa kutazamwa na gumu kwa kusimamiwa. Halina mafundo ya kulipunguzia katikati ya safari. Upepo ukizidi, unalitua lote na kutweka dogo. Kwa hiyo uchaguzi wa tanga hufanywa ufukweni. Ukisitasita kati ya mawili, chukua dogo. Utachelewa kufika, basi.

Kutweka: omo ielekee upepo, demani, kamba ya kuvutia tanga, iwe huru kabisa, watu wawili au watatu kwenye henza na mmoja kwenye ncha ya chini ya foromali. Nahodha peke yake ndiye anayetoa sauti. Hakuna kutweka huku mtu anaeleza jambo au mgeni anauliza bei ya samaki.

Kulipindua ndiko kunakoumiza watu, nami nitakaa hapo kidogo. Mashua za Ulaya hugeuka kwa kupitisha omo kwenye upepo, na tanga linahama lenyewe. Sisi kwa kawaida hugeuka kwa kupitisha tezi, yaani nyuma ya mashua, kwenye upepo, na tanga hupitishwa mbele ya mlingoti kwa mkono. Nahodha anafungua njia kuelekea kunakokwenda upepo. Anatazama nyuma, anatazama wageni, anasema "tayari?" na kila baharia hujibu kwa sauti yake. Jibu lisiposikika, hakuna kupindua. Kisha "Kitwa tini!" Demani inaachiwa. Baharia wa mbele anaivuta ncha ya chini ya foromali mpaka foromali inasimama wima karibu na mlingoti, na tanga linapigapiga kama kuku aliyeshikwa. Wa pili anachukua pembe ya tanga yenye demani, anapita nayo mbele ya mlingoti, nje ya kila kitu, hadi upande wa pili. Stingi inahamishwa iende upande wa upepo. Hapo tu ndipo demani inavutwa, taratibu, tanga likajaa.

Makosa ni mawili. La kwanza ni kuvuta demani kabla stingi haijahama: mlingoti unabaki hauna wa kuushika. La pili ni upepo kukamata tanga kwa nyuma nahodha akiwa hajatazama, foromali ikahama yenyewe. Haigongi kwa nguvu ya mtu, inagonga kwa nguvu ya upepo mzima. Kwa hiyo ukikimbia na upepo wa nyuma usielekeze tezi kwenye upepo moja kwa moja. Uuache upepo kidogo kwenye bega la mashua. Na upepo ukiwa mkali na wageni wengi, tua tanga, geuka kwa makasia au mashine, kisha tweka upya. Wapo watakaosema si ubaharia. Waache waseme.

Likija tufani la ghafla, neno ni moja: "Demani!" Yule mwenye demani anaiachia, haulizi. Ndiyo maana demani haifungwi fundo la kudumu mchana kutwa, hata upepo uwe mwanana vipi. Inazungushwa mara moja au mbili kwenye kigingi, na mkono wa mtu upo juu yake.

Njia zenye mtego

Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, hupitika maji yakijaa tu. Ingia wakati maji yanapanda, ili ukigusa mchanga ungoje dakika chache yakuinue. Ukigusa wakati yanapwa, ruka majini haraka usukume, au kubali umefika.

Takwa ndiko nilikojifunzia hilo. Magofu yale ni ya mji uliokaliwa karne ya 15 hadi ya 17, na msikiti wake una nguzo ndefu juu ya ukuta wa kibla ambayo kila mgeni hutaka kupigwa picha nayo. Kijito cha kuingilia kinapita katikati ya mikoko. Siku hiyo ilikuwa bamvua, maji yamejaa saa kumi jioni. Samaki walichelewa kuiva, wageni walichelewa kwenye nguzo, nami nilichelewa kuwahimiza kwa sababu walikuwa wamefurahi. Saa kumi na moja tuko katikati ya kijito, tumekaa. Fanya hesabu: maji yaliyotuacha saa moja baada ya kujaa yatarudi kimo kilekile saa moja kabla ya kujaa tena. Tuliinuka saa tisa na nusu usiku. Mbu wa mikokoni hawana haja ya kuelezwa. Mgeni mmoja aliniuliza mara nne kama hii ilikuwa sehemu ya safari, na mara ya nne sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo baharia mmoja habanduki kwenye mashua, na kazi yake ni kutazama mizizi ya mikoko. Maji yakiwa yanapanda, mzizi ni mkavu hadi usawa wa maji. Yakianza kushuka, huonekana utepe mweusi wa unyevu juu ya maji. Utepe ukifika upana wa vidole viwili anapiga filimbi, na tunaondoka hata kama chakula hakijaiva. Wageni wanaambiwa saa ya kuondoka wakati wa kushuka, na wanaambiwa pia habari za mbu.

Kukwama kubaya zaidi ni kwa kilele cha bamvua. Kila siku inayofuata maji hujaa pungufu, na unaweza kungoja bamvua nyingine, wiki mbili, mashua ikiwa imelala.

Nani ampishe nani

Kwa kanuni za bahari, chombo cha mashine humpisha cha tanga, isipokuwa wewe ndiye unayempita. Usiitegemee. Boti za mbio zinazovusha watu kutoka uwanja wa ndege wa Manda huwa na haraka, na dereva aliyegeuka kuzungumza na abiria hakuoni. Matanga mawili yakikutana, anayepata upepo kwa kushoto humpisha anayepata kwa kulia. Wote wakiwa na upepo upande mmoja, aliye juu ya upepo ndiye anayepisha. Na ukivuka kwenda Pate au Manda Toto, kumbuka gati la kwanza la bandari ya Lamu lilifunguliwa 2021. Meli kubwa ndani ya njia yake haiwezi kukukwepa. Wewe ndiye unayeondoka, mapema, kwa namna ambayo inaonekana kutoka juu ya meli.

Sisi hurudi kabla ya magharibi. Ukichelewa, washa taa zako: nyekundu kushoto, kijani kulia, nyeupe nyuma. Mashua iliyo chini ya mita 7 isiyo na taa hizo iwe na tochi ya kumulikia tanga.

Jiko

Samaki wa kuchoma juu ya maji ndiyo sababu ya nusu ya wateja wetu. Jiko la makaa likae ndani ya sanduku lenye mchanga, upande wa demani, kule unakoelekea upepo, ili cheche ziende nje, mbali na tanga na mbali kabisa na petroli ya mashine. Ndoo ya maji pembeni imejaa. Hakuna kupindua tanga jiko likiwaka. Tia nanga kwanza, pika, zima, kisha ng'oa.

Mtu majini

Anayeona anapaza sauti, "Mtu majini!", na anatupa boya, au chochote kinachoelea. Mtu mmoja anamnyooshea kidole aliyeanguka na hashushi mkono wala hageuzi macho mpaka apatikane, kwa sababu kichwa cha mtu kati ya mawimbi hupotea kwa kufumba na kufumbua. Demani inaachiwa, tanga linatuliwa. Mashua ya tanga hairudi nyuma kirahisi, usipoteze muda kujaribu ustadi. Shika makasia au mashine. Ukimkaribia, mashine iwekwe huru ili isimkate. Mtoe katikati ya mashua, pale ubavu unapokaribia maji, watu wawili wakimshika chini ya makwapa. Wengine wote wakae upande wa pili, la sivyo mtakuwa wote majini. Hesabu watu. Akiwa amemeza maji, anapelekwa hospitali hata kama anasema ni mzima.

Tufanye mazoezi haya kwa dafu. Dafu likielea lina ukubwa wa kichwa cha mtu na huzama nusu kama kichwa. Kila mwezi tunalitupa dafu moja bila kumwambia nahodha.

Kurudi na kufunga

Hesabu watu tena wakishuka, mpigie simu aliyebaki na majina. Suuza tanga kwa maji matamu kama yapo, lianikwe likauke kabla ya kukunjwa, maana tanga bichi huoza mikunjoni. Andika kwenye daftari: umefua maji madebe mangapi, kamba gani imeanza kulika, nani aliteleza na wapi. Madebe yakipanda kutoka mawili hadi matano kwa wiki, usingoje msimu. Pandisha mashua ufukweni wakati wa bamvua, maji yakipwa ikalala kavu, kwangua, kalafati, yaani ziba nyufa, kwa pamba na mafuta, paka deheni ya kulinda mbao. Kazi kubwa ya ukarabati sisi huifanya kwenye miezi ya kusi kali, wageni wakiwa wachache, na kwa mafundi wa Matondoni. Mashua ikikaa juani kwa wiki kadhaa mbao husinyaa, hivyo siku ya kwanza ikirudi majini itavuja kama kikapu. Imwagie maji ya chumvi jioni na asubuhi siku chache kabla, na usipange abiria kwa siku mbili za mwanzo.

Mwisho ni kamba ya gatini. Kijana mgeni huikaza akiona inapendeza, na usiku maji yakishuka mashua inabaki imening'inia kwa shingo, au kamba inakatika. Ipe mashua urefu wa kushuka mita 3 na ziada, halafu mwulize kijana kesho maji yanapwa saa ngapi.